Mpaka mtu augue ndipo mkague? Moshi wa betri huku Changamwe

Wallahi nimechoka. Kuna karakana huku kwetu Changamwe, Mombasa, yayeyusha betri kuukuu za magari usiku wa manane. Ukipangusa dirisha alfajiri, kitambaa chatoka cheusi ti, na moshi wenyewe wakwaruza koo. Nikapeleka malalamiko ofisi inayohusika. Afisa kaniuliza bila haya: "Nani ameugua? Leta barua ya daktari."

Barua ya daktari ya nini? Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya champa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Cha 70 chasema anayeshtaki halazimiki kuonyesha kuna aliyepata hasara au kuumia. Jaji hanidai mgonjwa, afisa wa kaunta ndiye anidai!

Na maafisa wakija kukagua wanapiga simu karakanani kwanza. Wakifika tanuri limeshapoa, wanapewa soda, wanaondoka. Ilhali sheria ya mazingira ya 1999 yawapa uwezo wa kusimamisha kazi na kuamuru pasafishwe bila kungoja jaji yeyote.

Tena kijiji cha Owino Uhuru kiko hapo Mikindani tu, si mbali. Kiwanda cha kazi hii hii kilianza 2007, watoto wakapatikana na madini ya risasi (ledi), sumu itokayo kwenye betri, kwenye damu. Mwanaharakati Phyllis Omido na wanakijiji wakaandamana, wakazunguka ofisi, mpaka kikafungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, NEMA wenyewe, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, wakiwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Na ukiishinda serikali huwezi kuipelekea dalali ikakamatiwa magari, sheria yakataza. Warudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha katibu wa wizara alipe. Kwa hiyo msiniambie "nenda kortini" kama mtu anayenielekeza dukani.

Lakini ofisi ikilala, nitafanyaje? Naenda. Nani humu amewahi kufungua ombi la kikatiba bila wakili? Kanuni za 2013 za kesi za haki za kikatiba zaruhusu hata barua ya kawaida. Nataka kujua kama masjala ya korti huipokea kweli, na amri ya muda ya kuzima tanuri huchukua siku ngapi kutoka. Wapangaji wenzangu wako tayari kutia saini hati za kiapo.