Datsun 240Z ya zamani: jeki na stendi ziwekwe wapi?

Mwanapwani72:
Habari zenu, wakuu. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972 niliyoachiwa na baba yangu mdogo, ambaye aliipenda aina hii tangu Shekhar Mehta na Lofty Drews waliposhinda nayo Safari Rally mwaka 1973. Sasa ninataka kubadilisha oili ya gia na raba za mikono ya mbele, kazi itakayonilaza chini ya gari kwa saa kadhaa. Nilipochungulia kwa tochi niliona kwamba mihimili miwili inayopita chini ya sakafu imebonyea, na kwenye mmoja wao alama ya mviringo ya kichwa cha jeki imejichora kama muhuri. Sitaki kurudia kosa la aliyefanya hivyo, na zaidi ya hapo sitaki gari liniangukie. Je, ninyanyulie wapi, na stendi, vile vyuma vya kushikilia gari likishanyanyuliwa, zikae wapi? Uwanja wangu umetandikwa kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini.

FundiChangamwe:
Pole kwa hiyo mihimili, ndugu yangu. 240Z haina chesesi ya peke yake kama pikapu; bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na mihimili uliyoiona ni bati lililokunjwa tu, kwa hiyo ukiweka jeki hapo bati linakubali uzito kwa dakika moja kisha linajikunja. Mbele, weka jeki ya magurudumu katikati ya krosimemba, ile ya chuma kizito inayoshika mikono ya chini, ukihakikisha kwamba kichwa cha jeki hakigusi sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Nyuma, nyanyulia chini ya kasha la difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ukiweka kipande cha mbao ngumu katikati. Stendi zikae kwenye ukingo wa kizingiti cha mlango, mahali palipoimarishwa kwa ajili ya jeki, yaani nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na mbele kidogo ya gurudumu la nyuma.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba breki ya mkono ya gari hili inashika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukishanyanyua nyuma, breki hiyo haizuii chochote tena, na gari linaweza kusogea na kuangusha jeki. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini kabla hujagusa mpini wa jeki. Nati za magurudumu nazo zilegeze kidogo gari likiwa bado chini, kwa maana kuzivuta kwa nguvu gari likiwa juu ya stendi ni kulitikisa bila sababu.

Kuhusu kabro, tandika ubao mnene wa plaiwudi au bamba la chuma chini ya kila stendi, kwa kuwa tofali moja likizama upande mmoja stendi inainama. Hata hivyo, acha magurudumu ya jeki yawe huru kuviringika, kwa sababu gari linaponyanyuka kichwa cha jeki husogea kwa mviringo, na jeki isipoweza kuufuata mwendo huo itateleza kutoka kwenye krosimemba. Tafadhali usitumie matofali ya saruji badala ya stendi, kwani tofali hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

BibiGereji:
Ninakubaliana na fundi, ila kuna mambo mawili ya kuongeza. Raba ya mbele inayoshikilia difu katika magari haya huchanika kwa uzee, na ikiwa imechanika, difu itapanda kidogo kabla bodi haijaanza kunyanyuka. Ikague kwanza kwa tochi. La pili ni kutu, ambayo kwa gari lililokaa Mombasa ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Chukua bisibisi ya zamani, uigongegonge na kuisukuma kwenye kizingiti mahali ambapo stendi itakaa. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, lakini kilichooza ndani ya rangi hutoa sauti iliyofifia na bisibisi hupenya. Ikipenya, usiweke stendi hapo kabisa, mpelekee fundi wa kuchomelea kwanza.

Mwanapwani72:
Asanteni sana, kaka na dada. Bisibisi imepenya karibu na gurudumu la nyuma la kushoto, kiasi cha ukucha. Mbele ni pazima pande zote mbili. Je, ninaweza kufanya kazi ya mbele kwanza?

FundiChangamwe:
Unaweza, maana nyuma itabaki chini ikiwa na kabari na breki ya mkono. Nyanyua polepole, weka stendi mbili za kimo kimoja, shusha jeki hadi uzito ukae juu yake, kisha ulisukume gari kwa mikono kutoka pembeni kabla ya kuingia chini. Likicheza, rudia kuanzia mwanzo. Baada ya hapo iache jeki ikigusa krosimemba bila kubeba, na magurudumu uliyoyatoa yalaze chini ya vizingiti. Oili ya gia subiri hadi nyuma ichomelewe, kwa kuwa boksi la gia hujazwa vizuri gari likiwa limelala sawasawa, na hapo utahitaji stendi zote nne. Siku hiyo usipandishe upande mmoja hadi kimo cha mwisho. Pandisha mbele kidogo, nyuma kidogo, ndipo stendi za mbele zisiinamishwe na mteremko wa gari.