Balbu ya wati 5 inawaka, ya wati 21 imelala. Kwa nini?

Kijana_wa_Waya: Wakuu, heshima kwenu. Nina balbu mbili za gari za volti 12: ya indiketa wati 21, na ndogo ya pakingi wati 5. Nimeziunga mfuatano, yaani moja nyuma ya nyingine kwenye waya mmoja, kwenye betri moja. Ndogo inawaka vizuri, kubwa kimya, hata wekundu sioni. Nikahisi ndogo imetangulia, inamaliza umeme kabla haujamfikia mwenzake. Nikazigeuza. Matokeo yale yale! Nikiunga kila moja peke yake, zote zinawaka.

Spana10: Betri imechoka hiyo. Balbu kubwa inataka nguvu. Chaji kwanza.

Mzee_wa_Omu: Betri iacheni, haina kosa. Ingekuwa imechoka, kubwa isingewaka ikiwa peke yake.

Mdogo wangu, ulipozigeuza uliua mwenyewe hoja ya kutangulia. Kwenye mfuatano njia ni moja. Ampea za mkondo zinazopita balbu ya kwanza ndizo zinazopita ya pili, na ndizo zinazorudi kwenye betri. Hakuna balbu inayokula mkondo. Kinachogawanywa ni volti, na mwenye ukinzani mkubwa, yaani anayebana mkondo zaidi, ndiye anayepata fungu kubwa.

Ukinzani, ambao kipimo chake ni omu, upate hivi: volti mara volti, gawanya kwa wati. 144 kwa 5 ni omu 28.8. 144 kwa 21 ni karibu omu 6.9. Naam, yenye wati nyingi ndiyo yenye ukinzani mdogo. Hapa wengi hujikwaa, hata waliosoma. Kwa hesabu hiyo ndogo ingepata volti 9.7 na kubwa 2.3.

Ila omu hizo ni za balbu ikiwa imewaka kwa volti zake kamili. Uzi wa tungsteni ulio ndani ya balbu ukiwa baridi, ukinzani wake hushuka hadi kama sehemu moja ya kumi, pengine chini zaidi. Kubwa haipati volti za kuipasha moto, kwa hiyo inabaki baridi. Ikibaki baridi, fungu lake la volti linazidi kupungua. Hapo imegeuka kipande cha waya tu. Chukua mita, pima kila balbu zikiwa zimeungwa hivyo hivyo. Kubwa haitafika volti moja.

Kijana_wa_Waya: Shikamoo mzee. Nimepima: ndogo 12.0, kubwa 0.3. Betri yenyewe 12.3. Sasa mkondo unaopita ni kiasi gani?

Mzee_wa_Omu: Marahaba. Ndogo iko karibu na volti zake kamili, basi 5 gawa kwa 12: kama ampea 0.42. Kubwa ili iwake sawasawa inahitaji 1.75. Inapata chini ya robo. Ziunge sambamba, kila moja na njia yake kwenye betri, ipate volti 12 zake, zote zitawaka.

Spana10: Sawa mkuu, nimekuelewa. Lakini kama uzi baridi una ukinzani mdogo hivyo, si unapowasha tu balbu inavuta ampea nyingi kupita kiasi?

Mzee_wa_Omu: Inavuta, tena mara kumi au zaidi ya kawaida, kwa kitambo kifupi mno mpaka uzi upate moto. Ndiyo maana balbu za uzi aghalabu hukatika pale unapobonyeza swichi, si katikati ya kuwaka.