Fundi umeme Arusha: nibaki na deiwaka au nifungue kampuni?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Mimi ni fundi umeme hapa Arusha, leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ninayo. Mkandarasi ananilipa 60,000 kwa siku, saiti za Njiro, Moshono na Usa River. Mwezi mzuri napata siku 20. Aprili mvua ikikolea sifiki 12. Juzi nimeona ankara aliyompelekea mteja: siku yangu kaiandika 130,000! Nimeumia sana. Nataka nisajili kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara) nichukue kazi mwenyewe. Nina mke na watoto wawili, sitaki kukurupuka.

Mzee wa Saiti: Kijana, hiyo tofauti ya 70,000 haiingii yote mfukoni mwake. Toa mafuta ya gari, vifaa, siku alizokwenda kupima bure, na mteja anayelipa baada ya miezi miwili wakati wewe umeshalipwa Jumamosi. Nilikuwa na kampuni miaka 6. Kuna hoteli ilinishikilia malipo ya mwisho miezi 5. Mafundi wangu walikuja kugonga usiku, nimezima taa, nimekaa kimya na mke wangu. Sijasahau mpaka leo.

Mama Hesabu: Mdogo wangu, anza na jina la biashara, unabaki mtu binafsi, siyo kampuni. Kampuni inatozwa 30% ya faida tangu shilingi ya kwanza, na hesabu zake zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Mtu binafsi, 3,240,000 za kwanza za faida kwa mwaka hazina kodi. Mteja akikukata kodi ya zuio ya 5% kwenye malipo ya huduma, dai cheti chake, kitapunguza kodi yako. Na ukandarasi hauishii BRELA, kuna CRB, bodi ya usajili wa makandarasi.

Dogo wa Ngaramtoni: Yote sawa, ila 60,000 kwa fundi mwenye leseni ni ndogo. Kaka, omba uongezwe kwanza.

Mleta uzi: Asanteni mno. Jana nimekaa na daftari. Katika siku zangu 20, nikijitegemea kama 6 zitaishia kwenye kupima, kufuata waya mjini na kudai pesa. Ili nibaki na 1,200,000 ileile, kila siku kati ya zile 14 inatakiwa iniletee karibu 86,000, na hapo mafuta na kodi bado. Jumatatu namwambia bosi 80,000. Nyumba ya mjomba kule Kisongo nitaifanya wikiendi kwa jina langu, nione malipo yanakujaje.