Kuzamia kwenye matumbawe keshokutwa na mafua yameanza leo, niende?

Kibua Mgeni: Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Nimelipia kuzamia na mtungi, ile ya wasio na cheti, kiongozi anakushika mpaka kwenye miamba ya matumbawe. Ni keshokutwa asubuhi. Leo nimeamka pua imeziba. Kiongozi anasema twende tu, hatuzidi mita 12. Usiku wa siku hiyo hiyo nina ndege. Kuogelea najua, ila si sana.

Mwamba Chini: Pole mkuu, lakini ahirisha. Kwa masikio mita 12 si kidogo. Ukifika mita 10 presha imekuwa mara mbili ya ile ya juu, na hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio inabanwa hadi nusu ya ujazo wake. Mzamiaji huisawazisha kwa kubana pua na kupuliza taratibu, tena mapema, kabla hajasikia maumivu. Ukiwa na mafua kile kinjia cha kutoka kooni kwenda sikioni kimevimba, hakifunguki. Ukilazimisha, ngoma inaweza kupasuka.

Pweza wa Jioni: Si ameze tu dawa ya kuzibua pua? Mnamtisha mwenzenu bure.

Mwamba Chini: Pweza, hapo ndipo watu wanapoumia. Dawa inaweza kuisha nguvu akiwa chini. Sasa anapanda, hewa ya ndani ya sikio inatanuka na haina pa kutokea. Ukishindwa kushuka unarudi juu. Ukishindwa kupanda, na mtungi unaelekea kuisha, unarudi wapi?

Bi Chaza: Mimi hiyo ndege ndiyo imenishtua. Mtungini mna hewa ya kawaida, si oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani, na ile nitrojeni yake huyeyuka mwilini ukiwa chini. Ukipanda angani mapema inaweza kutoka kwa mapovu. Ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja, 18 ikiwa ni zaidi ya mmoja. Hesabu kuanzia unapotoka majini. Halafu, fomu ya afya umejaza? Inauliza pumu, moyo, masikio, ujauzito.

Kibua Mgeni: Fomu hata sijaiona.

Bi Chaza: Basi huyo kiongozi simwamini, hata kama pua yako ingekuwa safi.

Kibua Mgeni: Sawa, naacha. Ndege haibadiliki. Ila nikipata nafasi nyingine, nijiandae vipi? Naogopa maji kuingia kwenye miwani.

Kasa Mzee: Yataingia tu, ni kawaida. Bonyeza ukingo wa juu wa miwani, tazama juu, toa pumzi kwa pua, yanatoka. Hilo, pamoja na kutoa kipumulio mdomoni na kukirudisha, mnalifanyia mazoezi kwanza kwenye maji ya kina kifupi. Kiongozi akiliruka, usishuke naye. Kubwa kuliko yote: usizuie pumzi, hasa mkipanda. Hewa inatanuka, na mapafu yanaweza kujeruhiwa hata ukitoka mita chache tu.

Na ishara! Dole gumba juu maana yake "tupande". Wageni hulionyesha kwa furaha wakiona kasa, kiongozi anawarudisha juu wakiwa bado wanashangaa. Kusema uko sawa, unganisha kidole gumba na cha shahada. Usisimame juu ya tumbawe wala kulishika. Ni wanyama hai, na lipo la kuunguza ngozi.

Kibua Mgeni: Asanteni sana. Na keshokutwa nikielea tu juu na miwani na mrija?

Mwamba Chini: Hiyo nenda kama huna homa, ilimradi usipige mbizi. Vaa jaketi la kuelea, maana umesema kuogelea si sana, na usiende peke yako. Vaa pia fulana ya mikono mirefu, mgongo utaungua bila wewe kujua. Rangi utaziona vizuri zaidi yetu: nyekundu ndiyo ya kwanza kufifia ukishuka.