Mbeya: nina miaka 19, sina pa kulala na nina mdogo wangu wa kike. Naanzia wapi?

Mshusha Viazi
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo.

Bibi aliyetulea Ilomba alifariki mwezi wa tatu. Hata arobaini haikufika, wajomba wakauza nyumba. Sasa najibana kwenye geto la mshikaji Mafiati, tuko wanne, na mwenye geto anaoa mwezi wa nane. Mdogo wangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Kahifadhiwa na mama mmoja muuza mboga, jirani yetu wa zamani. Juzi mama kaniambia, "Mwanangu, baba wa hapa anarudi kutoka Chunya." Nikaelewa.

Kazi ninayo, nashusha gunia sokoni Mwanjelwa. Siku nzuri naondoka na elfu nane, siku mbovu naondoka na mgongo tu. Nimepata chumba Ilemi cha elfu 30, kwa mwezi naimudu. Ila mwenye nyumba anataka miezi sita, na dalali anataka mwezi wake. Laki mbili na kumi! Ningekuwa nayo ningelala miguuni kwa mtu?

Ofisi moja niliyoulizia msaada waliniambia wao ni wa watoto, mimi ni mtu mzima. Na baridi hii ya mwezi wa sita, mtu mzima hana blanketi.

Kaka wa Uyole
Rudi kijijini ukalime dogo. Mjini hapa kila mtu analia.

Mshusha Viazi
Kijiji kipi, kaka? Shamba la Tukuyu liliuzwa kabla ya nyumba.

Ustawi Mstaafu
Mwanangu, tenganisha mambo. Mdogo wako hajafika 18, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 huyo ni mtoto na halmashauri ina wajibu wa kumlinda. Nenda kwa mtendaji wa kata, mwombe akuunganishe na afisa ustawi wa jamii. Ukizungushwa piga 116, ni bure. Usiogope kwamba watamnyakua: kwanza hutafutwa ndugu au familia ya kumlea, makao ya watoto ni mwisho kabisa.

Wewe utasikia habari za mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo fungu la vijana ni asilimia 4. Ule ni wa vikundi vyenye biashara, sio wa kodi ya nyumba. Usiupoteze muda sasa.

Ila hiyo nyumba imenikaa kooni. Nani aliteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi? Kama hakuna, waliuza kwa mamlaka gani? Ulizia Mahakama ya Mwanzo, na utafute wasaidizi wa kisheria, hawatozi hela.

Mama Isyesye
Mimi nina vyumba na miezi sita nadai, nisiwe mnafiki. Nimeshakimbiwa usiku na watu na vitanda vyao. Lakini kuna kijana alikuja na mwenyekiti wake wa mtaa akamdhamini, nikapokea miwili. Achana na dalali, tembea kwa miguu uulize. Pia kuna watu wanatafuta wa kulinda mapagala yao, unalala bure.

Mshusha Viazi
Shikamoo mama, ndaga fijo, asante sana. Pagala nitalala mimi, binti hapana.

Mzee wa ustawi, mahakamani sijui kama walifika. Kikao cha ukoo kilikuwepo, mimi ndiye niliyewapikia chai. Kuna karatasi walisaini, ilibaki kwa mjomba mdogo. Jumatatu naanzia kwa mtendaji, kisha kwake.