Nyumba ya makuti Lamu: nianzie wapi kujitayarisha kwa moto na dharura?

Mkaazi wa Langoni
Assalamu alaykum ndugu zangu. Naishi Langoni, katika nyumba ya makuti, pamoja na mama yangu asiyeweza kutembea upesi na watoto wanne. Kaskazi imeanza kuvuma, na kila nionapo cheche ikiruka kutoka jiko la jirani moyo hunidunda, kwa kuwa vichochoro vyetu ni vyembamba na gari la zimamoto haliwezi kufika mlangoni. Sina uwezo wa kuezeka mabati mwaka huu. Nianzie wapi?

Fundi wa Shela
Wa alaykum salaam, dada yangu. Nimeezeka makuti miaka mingi, na nimesaidia pia kuyabomoa moto ulipozuka. Anza na jiko: liwe uani, mbali na ukingo wa paa, na jivu limwagiwe maji kabla ya kutupwa, kwani kaa lililofunikwa na jivu huonekana limezimika ilhali ndani lingali jekundu, na upepo wa usiku ukilifunua huwaka upya. Mafuta yakishika moto karaini, usiyamwagie maji kamwe, yafunike.

Kisha shaurianeni na majirani mpate pondo ndefu zenye kulabu, ziwekwe mahali panapojulikana na wote. Makuti yakishashika, ndoo za maji hazifui dafu. Kinachouokoa mtaa ni kuliangusha paa la nyumba inayofuata kabla moto haujaifikia. Hilo likubaliwe mapema, maana ni vigumu kumwomba mtu ruhusa ya kuvunja paa lake katikati ya mayowe. Mama naye alale karibu na mlango, na ajulikane nani atakayembeba.

Mama wa Malindi
Nami naongeza kuhusu maji na vyeti. Mto Sabaki ulipofurika mwishoni mwa 2023, vyeti vya kuzaliwa vya wanangu vilikuwa chini ya godoro, na nilivikuta vimegeuka uji. Sasa viko ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, pamoja na noti ndogondogo, kwa sababu umeme ukikatika siku mbili simu haina chaji ya kulipia chochote. Maji ya kunywa na kupikia yapimie lita 4 kwa mtu kwa siku: ninyi sita, kwa siku tatu, ni lita 72, yaani mitungi minne ya lita 20. Kisima kilichoingiliwa na mafuriko kisiaminiwe. Maji yake yachemshwe mpaka yatokote. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, hailipiwi. Waandikie watoto ukutani.

Mkaazi wa Langoni
Ahsanteni sana. Jiko nimelihamisha jioni hii. Fundi, pondo zitengenezwe kwa mti gani?

Fundi wa Shela
Chagua pau za mkoko zilizonyooka. Boriti ni nzito mno, itawachosha mikono kabla hamjalifikia paa.