UZI WA MALALAMIKO: Mwenye nyumba kalamba kidole akafuta urefu wa mwanangu mlangoni, mimi nimesimama pale pale

BintiGati:
Wakuu naandika mikono inatetemeka, herufi zikipinda mnivumilie.

Mnamjua. Yule wa rundo la funguo kiunoni, akitembea utadhani ng'ombe wa kengele katoroka zizini. Nusu ya nyumba za kisiwa ni zake na nusu iliyobaki anaitolea macho. Leo jioni kaingia kwangu, hodi kaipiga akiwa ameshafika sebuleni, nyuma yake wageni wawili wa msimu wanapiga picha dari langu. Mimi niko chini nakunja nguo. Kaninyooshea ufunguo, yaani hata kidole hakuona nakistahili, akawaambia "msijali, huyu anatoka kabla msimu haujaanza." Huyu! Mwaka wa nne huu napanga kwake, miezi tisa ndani miezi mitatu nje, kodi sijachelewesha hata siku moja, naitwa huyu.

Hilo ningelimeza. Sasa fremu ya mlango wa chumba cha mtoto ina alama za penseli, kila mwaka tunampima urefu, ziko nne na tarehe zake pembeni. Jamaa kaziona. Kalamba kidole gumba, kaanza kufuta. MATE wakuu. Anasugua, anatazama, analamba tena, anasugua. Ile ya chini kabisa, ya miaka mitatu, imebaki baka la kijivu. Mwanangu kasimama hapo na soksi moja mguuni, kasema kwa sauti ndogo "hiyo yangu." Jamaa hata hakugeuka, kajibu "rangi itapita hapa."

Mate jamani.

Halafu hao wageni wanafika kisiwani kwa feri ambayo kamba zake nafunga MIMI. Kila msimu natafuta pa kujibanza, mwaka juzi tulilala watatu kwenye stoo ya nyavu, mwaka jana kwenye boti ya shemeji, mtoto anatapika usiku kucha. Na nyumba zipo! Msimu ukiisha pita usiku uhesabu madirisha yenye taa, vidole vya mkono mmoja vinakutosha. Mwalimu aliyeletwa mwaka jana kaondoka kwa kukosa pa kulala, mshahara alikuwa nao. Mnataka kisiwa cha wageni bila mtu wa kuwashikia kamba?

Lakini narudi kwa lile gumba. Kalilamba mbele ya mtoto!

Kasia_Moja:
Nimesoma nikasimama. Huyo mtu namjua, kwetu kuna mwenzake, labda ni mapacha.

PweziMzee:
Dada pole ila nyumba ni yake. Ungekuwa na yako ungechora hadi paani.

BintiGati:
@PweziMzee ninunue wapi? Kiwanja kikitangazwa asubuhi, mchana kishachukuliwa na mtu anayekuja wiki mbili kwa mwaka. Na hukusoma, mimi sijalalamikia nyumba, nimesema ALILAMBA KIDOLE.

Tanga_Bovu:
Miaka minne unafukuzwa na mtu yule yule na kila mwaka unarudi mwenyewe, hapo mwenye tatizo nani? Alama za penseli unamlilia? Nunua futi.

Bi_Nanga:
Tanga_Bovu kaa kimya, wewe unaishi kwa mama yako.

BintiGati mwanangu, hili linatibika. Orcas, kisiwa kule jimbo la Washington Marekani, wakazi walianzisha taasisi yao ya ardhi mwaka 1989, inaitwa OPAL. Ardhi inabaki ya taasisi moja kwa moja, wewe unanunua nyumba iliyo juu yake tu, ardhi unaikodi kwa mkataba mrefu, na siku ukihama unauza kwa bei inayotoka kwenye kanuni iliyoandikwa humo, si bei ya soko. Kwa hiyo anayefuata naye anaimudu. Visiwa vya San Juan, Orcas ikiwa kimojawapo, waliwahi kuleta hata nyumba nzima kutoka Victoria, Kanada. Zilikuwa zibomolewe, wakazipakia kwenye tishari wakazivusha.

Mwamba_Kavu:
Na Guernsey, kisiwa kati ya Uingereza na Ufaransa, nyumba ziko kwenye masoko mawili, moja la wazi, jingine la wenyeji ambalo sheria inabana nani akae. Åland, visiwa vya Finland, kama huna haki ya ukaazi, hununui kiwanja mpaka upewe kibali. Hao si wachoyo, wameona mbele.

PweziMzee:
Sheria za kubana ndizo zinazofanya watu wasijenge kabisa. Mimi nina kiwanja na ramani, kibali cha karo la maji taka nasubiri mwaka wa tatu. Hilo ndilo la kufungulia uzi, si penseli.

ChumviTupu:
Tishari!! Bi Nanga usinitajie tishari. Mifuko yangu ya simenti imekaa gatini mwezi mzima, imeganda yote imekuwa mawe. Mwenye tishari anasema hali ya bahari, bahari ipi, juzi kavusha beseni la kuogea la wageni limefungwa mablanketi kama maiti ya mfalme! Simenti ya mtu wa kisiwani inanyeshewa!

Kasia_Moja:
Chumvi hilo beseni nililiona hahaha, walilibeba watu sita. Namjua huyo mwenye tishari, na mbao zangu kapeleka kisiwa kingine.

BintiGati:
Tafadhali uzi ni wa mwenye nyumba. Nimejaribu kuichora tena ile alama, sikumbuki ilikuwa inaishia wapi.

Bi_Nanga:
Mama usichore. Piga picha zile tatu zilizobaki leo leo kabla hajarudi na brashi. Halafu muitane wapangaji wote wa miezi tisa mkae. Eigg kule Uskochi wakazi hawakufika hata mia, lakini mwaka 1997 taasisi yao ikakinunua kisiwa kizima. Baadaye wakajifungia umeme wao wenyewe wa maji, upepo na jua, ukawaka 2008, saa ishirini na nne.

Mwamba_Kavu:
Saa 24? Sisi jenereta linazimwa saa nne usiku, halafu yule fundi wake, mnamjua, anazima saa tatu na nusu ili akalale.

ChumviTupu:
Saa tatu na nusu una bahati. Letu likiwashwa taa zinafifia kila mtu akipiga pasi.

Tanga_Bovu:
Eigg kila nyumba imewekewa kikomo cha kilowati tano, ukizidisha unakatika. Wekeni kikomo.

ChumviTupu:
Kikomo aanze nacho mwenye bwawa la kuogelea, pampu yake inanguruma usiku kucha mimi nachaji tochi.

PweziMzee:
Bwawa lipi, la yule wa ghorofa mbili? Na maji anatoa wapi? Kisima chetu kimeanza kuwa na chumvi tangu alipochimba.

Kasia_Moja:
Chetu pia!! Chai inatoka kama supu. Fungueni uzi mpya wa visima, huu umejaa.